Tunataka kuigiza Alisi wa Nchi ya Ajabu shuleni, lisaa limoja tu, naombeni mawazo

mwl_wa_klabu (Tanga)

Wadau habari za jioni. Nafundisha Kiswahili kwenye sekondari moja ya bweni huku Tanga na klabu ya sanaa iko chini yangu. Kila siku ya wazazi tunatoa mchezo na kila mwaka ni yale yale, binti kapata mimba, baba mlevi, mwisho polisi wanaingia na pingu. Wazazi wanapiga makofi kwa adabu halafu wanaulizana chakula kinatoka saa ngapi. Safari hii wanafunzi wenyewe wamegoma, wanataka kitu cha ajabu na cha kuchekesha, mmoja akaja na kile kitabu cha Lewis Carroll cha 1865, Alisi anamfuata sungura mwenye saa mpaka shimoni, wakakisoma kwa zamu bwenini na sasa hawaambiliki.

Nimekisoma tena na kalamu mkononi na nikaishiwa nguvu, maana naona hakina hadithi! Msichana anakutana na huyu wanabishana anaondoka, anakutana na yule wanabishana anaondoka, sura 12 mwendo ni huo huo. Ukisoma kitandani raha tupu, ila jukwaani naona kabisa itakuwa foleni ya wahusika, kila mmoja anaingia anasema lake anatoka. Na nina lisaa limoja, likipita hapo mgeni rasmi anaanza kuchungulia simu.

Hali halisi ni hii: wanafunzi arobaini na ushee na wote wanataka waonekane, ukumbi ni bwalo la chakula, pazia hakuna, taa ni zile tyubu ama zinawaka zote ama zinazima zote, bajeti ni manila na gundi. Meza na mabenchi yapo tele kwa sababu ni bwalo.

Sasa nawauliza wenye uzoefu, mnakata nini mnaacha nini, tubaki na mambo ya Kiingereza ya kule Uingereza au tuyalete huku kwetu, na huyu mtoto anayekua mara mrefu mara mfupi kila baada ya ukurasa tunamfanyaje bila mitambo? Nimeanza kuandika skripti kwa kuweka msimulizi pembeni anayeunganisha vipande ila sijapenda nilichokiandika.

bi_jukwaa (Dar)

Mwalimu, hadithi ipo, imejificha mlangoni. Rudi sura ya 1. Alisi akishatua chini anakuta ukumbi umezungukwa na milango imefungwa, juu ya meza ya kioo kuna kifunguo cha dhahabu, anakijaribu kila mahali hakiingii, mwisho nyuma ya pazia anakuta kimlango kidogo, kinafunguka, anachungulia anaona bustani nzuri hajapata kuona. Kichwa hakipiti. Mchezo wako unaanzia hapo. Msichana anataka kuingia bustanini. Kunywa chupa, kula keki, kulia mpaka machozi yakawa bwawa, uyoga wa kiwavi, yote hayo ni kuhangaika apate kimo cha kupita pale.

Na anaingia lini? Mwisho wa sura ya 7, akishatoka kwenye ile karamu ya chai ya vichaa. Akiingia anakuta nini? Wafanyakazi wa bustani wanapaka rangi nyekundu kwenye mawaridi meupe huku wanatetemeka kwa sababu walikosea kupanda, na Malkia (yeye na watu wake wote ni karata za kuchezea) kila akifungua mdomo anataka kichwa cha mtu. Alichokilia siku nzima ndo hicho. Baada ya hapo ni kesi, na kwenye kesi Alisi anaanza kurefuka bila kula wala kunywa chochote, kwa mara ya kwanza anakua mwenyewe, mpaka haogopi tena anawaambia nyie ni karata tu. Sasa mwalimu, unaniambia hakina hadithi?

Kwa hiyo kila onesho liulize swali moja, linamsogeza kwenye bustani au linamzuia? Lisipojibu, kata. Mimi ningekata lote la Kasa wa Bandia na Grifoni (yule mnyama nusu tai nusu simba), sura ya 9 na ya 10, hata kama lina nyimbo nzuri, kwa sababu linakaa katikati ya bustani na mahakama na linapoza kila kitu. Watakuambia unamvunjia mwandishi heshima. Mwandishi mwenyewe alikuwa anapunguza na kuongeza, ile nakala ya kwanza aliyoiandika kwa mkono akampa Alice Liddell, yule mtoto aliyemsimulia hadithi hii kwanza, Novemba 1864 haina karamu ya chai wala haina paka anayecheka, vyote viwili aliviongeza baadaye wakati wa kuandaa kitabu cha kuuza, na leo ndo vitu ambavyo kila mtu anavijua.

Msimulizi mtoe. Akisema "Alisi akaanguka shimoni" mimi mtazamaji nimeshaona, kuna haja gani tena ya kumwangalia anaanguka.

kisauni_juu (Mombasa)

Naunga mkono ya bustani, hiyo ya msimulizi hapana. Huku kwetu fanani ndiye mchezo wenyewe, hebu mtazame Ebrahim Hussein kwa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, mtu mmoja yuasimulia na watu wamekaa kimya. Tatizo si msimulizi, tatizo ni msimulizi aliyekuwa na karatasi pembeni amesimama kama mtangazaji wa harusi. Mwekeni ndani ya mchezo. Kwa mfano dada yake Alisi, yule aliyekuwa akisoma kitabu kisichokuwa na picha pale mtoni, awe ndiye yuasoma kwa sauti na Alisi amkatize. Mimi nimefanyia wanafunzi wa sekondari tamthilia za tamasha la shule, hili letu la Kenya ambalo lipo tangu 1959, na nikwambie ukweli watoto arobaini bila mtu wa kuwashikilia kamba watapotea.

Jambo la pili, yule Kiwavi. Kitabuni amekaa juu ya uyoga avuta shisha. Mwalimu mkuu wako akiona mwanafunzi wa kidato cha pili na bomba la shisha jukwaani siku ya wazazi mchezo umekwisha hapo hapo, na huku Kenya shisha yenyewe ilipigwa marufuku Desemba 2017. Mpe zumari. Kila swali aulize, apulize kidogo, anyamaze, aulize tena "we ni nani?" Ule upole wake wa kuudhi wabaki vile vile, na kama mna kijana ajuaye kupuliza kidogo tu basi mmepata na muziki.

mkunazini (Unguja)

Hamjambo. Mimi naanza na la kitoto lakini mtanishukuru. Ile sura ya jikoni kwa yule Bi Mkubwa, mtoto mchanga anageuka nguruwe mikononi mwa Alisi. Tanga hiyo, mbele ya mabibi na mababu waliotoka msikitini? Hakuna atakayecheka. Muweke mwanambuzi, amefungwa kanga, analia kama mtoto, kilio kinageuka mee kidogo kidogo. Tena sauti ya mbuzi inachekesha kuliko ya nguruwe, hilo halina ubishi.

Na pilipili ya mpishi msimwage pilipili manga ya kweli wala unga. Pilipili itawachomoa machozi walio mbele na unga kwenye sakafu ya bwalo ni utelezi. Mpishi atikise kopo tupu, chafya zifanywe na kundi zima kwa mpango, mmoja, wawili, watano, halafu kimya, halafu chafya moja kutoka nyuma ya ukumbi. Hiyo ya nyuma ndiyo itakayoangusha watu.

Sasa kuhusu kuleta huku kwetu au kubaki kule. Hii haikuanza leo. Kitabu hiki kiko kwa Kiswahili tangu 1940, "Elisi katika Nchi ya Ajabu", kilitafsiriwa na Conan-Davies kikachapwa London na Sheldon Press, na michoro yake ilimfanya Elisi mtoto wa Kiafrika. Halafu 2015 Ida Hadjivayanis akatoa tafsiri mpya, "Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu". Kwa hiyo anayekwambia Alisi lazima awe na nywele za dhahabu mwambie amechelewa. Hata lile gauni la bluu na aproni watu wamelishika kwa sababu ya katuni ya Disney ya 1951. Kwenye kile kitabu cha watoto wadogo ambacho Carroll mwenyewe alikitoa 1890, chenye michoro ya John Tenniel iliyotiwa rangi, gauni ni la njano. Mvisheni sare ya skuli basi. Mtoto wa skuli aliyeingia pasipofaa na sare yake, kila mzazi atamjua.

Ila msibadilishe kila kitu kwa nguvu. Sungura mweupe na koti na saa ni sawa, sungura si mgeni kwetu. Chai tunakunywa. Karata tunacheza. Mimi sioni kitu cha kuhamisha sana hapo.

mzee_wa_mataruma

Kwani hadithi zetu zimeisha? Sungura na Fisi wako wapi, mpaka tukaazime kwa Waingereza

bi_jukwaa (Dar)

@mzee_wa_mataruma shikamoo mzee. Hazijaisha, na mwakani waigize Sungura na Fisi nitakuja kukaa mbele. Lakini watoto wamekichagua wenyewe na wanakisoma bwenini usiku, mwalimu gani atawanyang'anya? Na kuazima kwenye tamthilia ya Kiswahili ni jambo la zamani, Amandina Lihamba alichukua hadithi ya Sembène Ousmane wa Senegal akatoa Hawala ya Fedha mwaka 1980, na ukiiangalia unaona tabia za mjomba wako mle ndani.

@kisauni_juu ya dada yake nimeipenda, nakubali nusu. Aanze na amalize, katikati apotee.

fundi_props

Salaam. Mimi ni mtu wa nyuma ya jukwaa, maneno siyawezi, nitajibu lile swali la mitambo maana naona mnalizunguka.

KUANGUKA. Alisi asianguke. Msimamisheni juu ya benchi katikati, mikono imepanda, wawili wamechuchumaa chini yake wanapepea pindo la sketi kwa makaratasi ya manila. Wengine sita wanapita mbele na nyuma yake wameshika vitu, na kila kitu kinaanzia sakafuni kinapanda juu taratibu, rafu ya vitabu, ramani, picha ya ukutani, kabati, chupa ya jamu. Kikifika juu ya kichwa kinashuka kwa siri mgongoni mwa mshikaji na kinaanza tena. Jicho la mtu likiona vitu vyote vinapanda linaamua lenyewe kwamba msichana anashuka. Kitabuni kuna kipande kitamu hapo, anachukua chupa ya marmaledi ya machungwa, tupu, anaogopa kuiachia isije ikaua mtu huko chini, anairudisha kwenye kabati jingine analolipita. Fanyeni hivyo hivyo, aichukue kwa wa kushoto ambaye mkono uko kiunoni, aseme mstari wake, akimaliza ampe wa kulia. Siri ni kwamba wote wapandishe kwa mwendo mmoja, mkiwa na mtu wa kupiga ngoma polepole itawasaidia. Mmoja akiharakisha mchezo unavunjika, inaonekana kama watu wanahamisha nyumba.

KUKUA NA KUPUNGUA. Msimguse Alisi, badilisheni vitu. Tengenezeni kila kitu mara mbili, kifunguo kidogo cha kweli na kingine cha katoni chenye urefu wa mkono, chupa ndogo na chupa ya katoni inayobebwa na watu wawili. Akiwa mdogo anaingia chini ya meza ya bwalo anaangalia juu, kifunguo kikubwa kiko pale juu hafiki, anajaribu kupanda mguu wa meza anateleza. Akiwa mkubwa anasimama juu ya benchi na wenzake wanamletea meza ya viberiti. Bwalo lako la meza nyingi ni mali kabisa hapo, watu wengine tunakodi.

MAHAKAMANI ndo rahisi kuliko yote. Alisi asimame tu. Wote waliobaki, baraza, majaji, karata, wazame. Wakati Malkia anabishana wanapiga magoti kidogo kidogo, halafu wanakaa, halafu wanajikunja, mpaka Alisi kabaki peke yake amesimama na hajafanya chochote. Mkiifanya polepole mtazamaji hatajua ilianza saa ngapi.

Paka anayecheka kata kicheko kwenye katoni, paka rangi nyeupe, kiweke kwenye fimbo, mtu aliyevaa nyeusi asimame mlangoni na tochi. Macho kwa mtu mwingine, mkia kwa wa tatu. Vikija vyote pamoja ni paka, vikiondoka kimoja kimoja kinabaki kicheko. Ila hilo linataka giza kidogo, fanyeni jioni au zibeni madirisha.

fomufoo_mstaafu

Jamani mimi niliigizaga sana sekondari (nilikuwa mti, halafu askari, halafu mama mkwe lol) na nataka kusema kwamba arobaini sio tatizo hata kidogo kwenye hiki kitabu, hebu hesabuni zile karata. Kwenye maandamano ya Malkia kuna askari kumi ndo pau, wakubwa wa baraza kumi ndo uru, watoto wa kifalme kumi ndo kopa wanakuja wameshikana mikono wanarukaruka, na wapaka rangi watatu ni shupaza, namba mbili namba tano na namba saba. Thelathini na tatu hao kabla hujaweka Mfalme na Malkia na Jeki aliyeshtakiwa kuiba vitumbua (kitabuni ni tati ila nani anajua tati, vitumbua bana). Manila mbele manila nyuma kamba mabegani, kila mtu ana namba yake na mama yake ataiona!!

Na hao hao karata ndo wanakuwa ndege na wanyama kwenye bwawa la machozi, wanakuwa chafya jikoni, wanakuwa vichaka. Ule mchezo wa mpira wa Malkia, goli ni askari wameinama mikono chini, mipira ni kalunguyeye, wekeni fomu wani wadogo wajikunje wabiringike wenyewe, na fimbo ni wale ndege heroe, Alisi anamkamata heroe shingo anataka kupiga heroe anageuka anamwangalia usoni. Hapo mtoto wa heroe akijua kukodoa macho mmemaliza. Goli zinachoka zinasimama zinaenda kukaa kwingine katikati ya mchezo, hiyo imo kitabuni jamani sijaitunga.

Mimi sikubaliani na fundi kuhusu Alisi mmoja ingawa za meza nimezielewa. Wekeni Alisi watatu, wa fomu wani mdogo kabisa, wa kati, na yule dada mrefu wa fomu foo ambaye kila shule anakuwepo. Utepe mmoja wa njano kichwani. Anakunywa chupa, anazunguka, mdogo anatokea mgongoni mwake anavuliwa utepe anavalishwa mwingine, sentensi inaanzwa na mmoja inamalizwa na mwenzie. Wasichana watatu wanapata nafasi kubwa na akiugua mmoja malaria siku ya siku hamfi. Pia maneno yanagawanyika, Alisi yupo jukwaani mwanzo mpaka mwisho, mtoto mmoja kushika yote hayo na mitihani ipo ni mateso

mwl_wa_klabu (Tanga)

Nimesoma zote, mbili mbili. Ahsanteni sana, sikutegemea. Bustani imenifungua macho kabisa, jana prep nimewauliza wanafunzi Alisi anataka nini na darasa zima likanyamaza halafu binti mmoja wa nyuma akasema "si anataka kutoka nje" na tukaanza kubishana hapo mpaka kengele. Alisi watatu wamepita kwa kura, fundi samahani, ila vitu viwili viwili tunavifanya pia. Mwanambuzi amepita bila kupingwa.

Shida zilizobaki ni mbili. Kwanza wanataka wale mapacha wanene na maua yanayoongea, nimetafuta kitabu kizima siwaoni, au nakala yangu imekatwa? Pili hakimiliki. Mkuu wa shule kasikia neno kitabu cha Uingereza akaniuliza tutalipa nani. Na tukitumia ile tafsiri ya 2015 moja kwa moja si itatuokolea kazi?

Na la tatu sio swali, ni ombi la dua. Binti anayecheza Malkia ameanza kuongea kwa sauti ya naibu mkuu wa shule, mpaka ule mkohozi kabla ya kuita jina la mtu. Mazoezini watu wanalia kwa kucheka.

kisauni_juu (Mombasa)

Mwalimu huyo Malkia mkomeshe leo, mimi nakwambia. Mkohozi utoke. Acheke nyumbani.

wino_mkavu (Arusha)

Nakala yako nzima mwalimu. Mapacha na maua yanayoongea ni wa kitabu cha pili, kile cha kioo, cha 1871. Disney ndiyo iliyowaleta kwenye katuni moja na Malkia wa Kopa, ndo maana watoto wanawatafuta. Msiwachanganye, mtaongeza urefu na bustani ya dada yetu hapo juu itafunikwa. Mchezo mkubwa wa kwanza wa muziki wa Alisi London, wa Henry Savile Clarke, uliofunguliwa tarehe 23 Desemba 1886 na Carroll mwenyewe akiwa ameridhia, ulitumia vitabu vyote viwili, lakini kila kitabu kilikaa na sehemu yake, cha kwanza kabla ya mapumziko cha pili baada ya. Sharti moja alilolitoa Carroll ni kwamba kusiwe na uchafu wowote, si kwenye maneno si kwenye vitendo vya jukwaani. Mweleze mkuu wako hilo, atalala vizuri.

Hakimiliki: Carroll alifariki 1898, Tenniel 1914. Hata kwa hesabu ya Ulaya ya miaka 70 baada ya kifo vyote vimeshatoka zamani, hadithi ni ya kila mtu na ile michoro 42 ya kitabu cha kwanza pia, ichapeni kwenye mabango mkitaka. Hamlipi mtu. Ila tafsiri ina mwenyewe. Ya 2015 ni kazi ya mtafsiri, ukiweka mistari yake jukwaani bila ruhusa umechukua mali ya mtu hata kama Carroll hadai. Ama mwandikieni mchapishaji mwombe, ama, na hili ndilo ningefanya, chukueni Kiingereza mtafsiri wenyewe darasani, mazungumzo ni mafupi mafupi, kila kikundi onesho lake. Nyimbo na sura za wahusika za Disney msiziguse, hizo bado zina wenyewe. Na kabla mwakani hamjasema sasa tufanye Matilda, Roald Dahl kafariki 1990, hiyo ni barua na ada. Peter Pan ndo kituko kabisa, mwandishi aliwapa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street haki zake mwaka 1929, na kwa sheria ya Uingereza ya 1988 mchezo ukifanywa kule hospitali inapata mrabaha bila kikomo.

Sasa mashairi. Humu ndani karibu kila shairi ni mzaha wa shairi ambalo watoto wa Kiingereza wa enzi zile walikaririshwa shuleni, la nyuki mchapakazi la Isaac Watts likageuzwa la mamba, la mzee mcha Mungu la Southey likageuzwa babu anayesimama kwa kichwa. Mzazi wa Tanga hajakariri Southey. Mkitafsiri mamba alivyo hapo hakuna kichekesho, ni mamba tu. Wachukue kitu walichokaririshwa wao, ngonjera ya kumkaribisha mgeni rasmi kwa mfano, na Alisi akijaribu kuikariri itoke upande. Anaanza vizuri, kwa heshima, mgeni rasmi tumekuona, na kila mstari unapinda kidogo mpaka mgeni rasmi ameliwa na mamba. Mgeni rasmi wa kweli atakuwa amekaa pale mbele. Mwambieni mapema.

mkunazini (Unguja)

Hiyo ya ngonjera naicheka peke yangu ofisini hapa.

Mwalimu na ile karamu ya chai msiifupishe. Saa imegoma saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo ni wakati wa chai milele, hawaoshi vikombe wanahama viti tu. Wanafunzi wa bweni wataielewa kuliko nyie wote. Kengele ya chai inalia, wanahama benchi moja mbele, kikombe kile kile kichafu, kengele inalia tena. Tumieni kengele yenu ya shule, ile ile ya kweli.

bi_jukwaa (Dar)

Na wakishahama kiti mara ya tatu Alisi aone kifunguo mezani, kimelala kwenye sahani ya mtu. Kitabuni anapita kwenye mlango ulioko kwenye mti kwanza ndo anarudi ukumbini kukichukua, ila una lisaa limoja, kiwe hapo hapo kati ya vikombe. Akichukue aondoke wao wakiendelea kubishana. Hiyo itakupeleka moja kwa moja bustanini bila kusogeza meza hata moja, zile zile meza za chai karata wanaingia wanazifunika manila nyekundu na ndo jukwaa la Malkia.

Mazoezi anzeni na mahakama, usianze na shimo. Kila klabu inaanza mwanzo, wiki ya mwisho inafika sura ya mwisho haijaguswa na ndo ile ambayo wote arobaini wapo. Wakishajua kuzama pamoja kwa mwendo mmoja yale mengine watayashika.

mwl_wa_klabu (Tanga)

Kesho saa kumi tunaanza na mahakama. Fundi, swali dogo, manila za karata tukizipaka rangi ya maji zinajikunja, mnatumia nini?

fundi_props

Paka pande zote mbili, mwalimu, hata upande usioonekana, halafu lazeni chini ya magodoro usiku mzima. Na kamba za mabegani pitisheni kwenye tundu lililobandikwa utepe wa gundi mbele na nyuma, la sivyo zinachanika pale pale wanapopiga magoti.